Cheni ya Injini Inalia na Gari Limezeeka: Namna ya Kuamua Kabla Hujatoa Pesa

Zamu yangu ya usiku huisha saa moja asubuhi. Wakati huo gari linakuwa limesimama nje kwa saa 12, injini imepoa kabisa na oili yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Asubuhi moja nikawasha, na upande wa mikanda pakatoka mlio kama mtu anayetikisa kopo lenye misumari. Ulidumu sekunde mbili ukakatika. Nilizima nikabaki nimeshika usukani, kwa sababu mlio ule nilikuwa nimewahi kuusikia kwenye gari langu la kwanza, na niliyajua yaliyofuata.

Gari lile la kwanza nililiendesha wiki tatu likilia vivyo hivyo. Kila niliyemuuliza aliniambia kwamba injini ya cheni haiguswi, cheni ni ya maisha. Wiki ya tatu, nikipanda mlima kwa gia ya pili, cheni ikaruka meno na injini ikazima papo hapo. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, valvu 7 kati ya 16 zilikuwa zimepinda, na juu ya pistoni mbili kulikuwa na alama za mwezi mwandamo pale valvu zilipogonga. Gari hilo niliishia kuliuza kama vyuma chakavu.

Kwa hiyo safari hii nilichukua daftari. Gari lilikuwa na miaka 14 na kilomita 214,000, na bei niliyotajiwa ya kubadilisha cheni ilikaribia nusu ya thamani ya gari zima. Ndugu zangu waligawanyika, kaka akisema uza, mama akisema tengeneza. Nilichogundua mwishowe ni kwamba wote tulikuwa tunaitazama cheni, wakati uamuzi ulikuwa umejificha kwenye sehemu nyingine za gari.

Kinacholia ni nini hasa

Krenki iko chini ya injini, nayo huzungushwa na pistoni. Kemshafti iko juu, nayo hufungua valvu, yaani vimilango vya kupitisha hewa na moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, na kinachoziunganisha ni cheni ya taimingi. Ukiwa barabarani kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kujifunga mara 25 kwa sekunde moja. Katika injini nyingi za siku hizi pistoni hupanda hadi mahali pale pale ambapo valvu ilikuwa imeshuka punde tu. Cheni ikiruka meno mawili matatu, vyuma hivyo vinakutana.

Mafundi husema cheni "imevutika". Chuma chenyewe hakijavutika. Kinacholika ni vipini vidogo vinavyounga pingili na pingili. Kipini kimoja kikilika huwezi kuona kwa macho, lakini cheni ina pingili nyingi, zikijumlishwa inarefuka kwa milimita kadhaa. Ulegevu huo hukazwa na tenshena, ambayo mimi kama muuguzi naiona kama bomba la sindano: oili inaingia kwa nyuma, inasukuma kichwa chake mbele, nacho kinabana cheni. Cheni yenyewe huteleza juu ya reli za plastiki ngumu, na reli hizo zikikaa kwenye joto miaka mingi hukauka na kuwa rahisi kukatika.

Ndiyo maana mlio hutokea asubuhi. Oili imeshuka, tenshena haina nguvu, cheni inapigapiga reli mpaka pampu ipandishe oili. Na ndiyo maana gari lililocheleweshewa oili miaka mingi, au lililonunuliwa kwa mtu aliyecheleweshea, huanza kulia mapema kuliko lenye kilomita nyingi lakini lililotunzwa.

Hakikisha kwanza kwamba ni cheni

Hapa ndipo nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Chomoa stiki ya oili kabla hujampigia mtu yeyote simu. Tenshena inategemea oili, na oili ikiwa pungufu cheni nzima kabisa italia kama mbovu. Mwenzangu wa zamu aliambiwa abadilishe cheni, kumbe oili ilikuwa pungufu kwa lita moja na nusu. Ilipojazwa na filta ikabadilishwa, mlio ukaisha, na hadi leo anaendesha. Angalia pia aina ya oili. Kitabu cha gari kikitaka 5W-30 na wewe umewekewa 20W-50, oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi. Na filta pia ina lake: filta nyingi zina mpira ndani unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa, na kwenye filta za ovyo mpira huo ni dhaifu au haupo. Gharama ya kumwaga oili na kuweka inayotakiwa pamoja na filta nzuri ni ndogo sana ukilinganisha na kinachofuata. Ifanye, kisha sikiliza asubuhi tatu.

Sikiliza kwa utaratibu. Mimi nilimwomba jirani awashe gari huku nimeshika simu juu ya injini, boneti wazi, nikarekodi. Nilifanya hivyo asubuhi tano mfululizo na kuandika sekunde: 2, 2, 3, 2, 3. Nikarekodi pia injini ikiwa ya moto baada ya kuendesha, nikakuta kimya. Kumbukumbu hizo zilinisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kumpa fundi, kwa sababu gari likifika gereji linakuwa limeshapata moto na halilii tena, na fundi anabaki kukisia.

Kuna milio ya uongo. Puli ya altaneta, beringi ya wota pampu, kikazio cha mkanda wa nje, hata bati la kukinga joto la ekzosi lililolegea, vyote vinaweza kulia kama cheni. Fundi akiutoa mkanda wa nje na kuwasha injini kwa nusu dakika, utajua. Mlio ukipotea, shida iko nje ya injini. Asiiache iendelee kuwaka, maana kwenye magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Kisha kompyuta. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka, soma namba zenyewe za hitilafu, usiridhike na kuambiwa "ni taimingi". P0016 hadi P0019 zinasema kwamba krenki na kemshafti haziko mahali zinapopaswa kuwa zikilinganishwa, na hizo ndizo za kuogopa. P0011 na P0014 zinahusu mfumo wa VVT unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na mara nyingi chanzo ni valvu ndogo ya umeme inayopitisha oili, imeziba uchafu. Inatolewa kwa boliti moja au mbili. P0335 na P0340 zinahusu sensa na nyaya zake. Nimeona watu wakiambiwa wabadilishe cheni kwa sababu ya P0340, na sensa haikupimwa hata mara moja.

Fundi wa kwanza niliyempelekea gari alichomeka kompyuta, akaona P0016, akaandika bei kwenye kipande cha karatasi. Hakufungua hata boliti moja. Simlaumu kwa namba, maana namba ilikuwa kweli, lakini P0016 inaweza pia kutokana na oili chafu au gia ya VVT iliyokwama, na mimi nilikuwa nakaribia kutoa pesa za miezi mingi. Nilimshukuru nikaondoka.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Dada, nilipe kwanza kazi ya kufungua na kutazama. Ukiona mwenyewe, tutaongea bei." Alitoa kava ya tapeti, akanipa tochi. Akaweka kidole katikati ya gia mbili za juu na kuibonyeza cheni, ikashuka na kurudi kama kamba ya kuanikia nguo. Akanionyesha tenshena: kichwa chake kina meno, na kila cheni inaporefuka kinatoka jino moja zaidi. Chetu kilikuwa kimetoka karibu chote. Kisha akazungusha krenki kwa mkono hadi pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa, akanionyesha alama za gia za juu. Ilikuwa wazi kwamba hazikukaa sawasawa.

Nikamwuliza kuhusu pingili chache za cheni zinazopakwa rangi, maana nilikuwa nimesoma kwamba zinatakiwa zikutane na alama. Akatikisa kichwa. Pingili za rangi hukutana na alama siku ya kufunga tu. Ukizungusha injini, zinahama, na inaweza kuchukua mizunguko mingi kabla hazijakutana tena. Fundi anayekuonyesha pingili ya rangi iliyo mbali na alama na kusema "unaona, cheni imeruka" ama hajui, ama anakuharakisha. Alama za gia ndizo za kuangalia.

Mwisho, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kuamua lolote. Yangu ilisoma 178, 175, 180 na 176 psi. Silinda zote nne zilikuwa karibu sawa, maana yake valvu hazijapinda na ringi za pistoni bado zina nguvu. Kama silinda moja ingesoma nusu ya nyingine, mazungumzo yote yangebadilika, kwa sababu usingekuwa tena unazungumzia cheni peke yake.

Wakati wa kuacha kuendesha

Mlio wa sekunde mbili asubuhi unakupa siku kadhaa za kufikiri. Mlio unaoendelea injini ikiwa ya moto, P0016 inayorudi kila ukiifuta, au injini inayokosa nguvu na kutetemeka haikupi siku. Liache lilipo, liburutwe kwenda gereji. Gharama ya kuburuta ni ndogo kuliko ya valvu moja iliyopinda, na zikipinda zinapinda nyingi. Na katika siku hizo chache za kufikiri, usikanyage mafuta injini ikiwa baridi, wala usiache gari kwenye mteremko likiwa kwenye gia bila breki ya mkono. Gari likirudi nyuma kidogo linaweza kuizungusha krenki kinyume, na cheni iliyolegea ikaruka hapo hapo injini ikiwa imezimwa.

Sasa litazame gari lililobaki

Cheni mpya haiponyi giaboksi. Hilo nililiandika juu ya ukurasa na kulipigia mstari.

Cha kwanza nilichoangalia ni kama injini inakula oili. Nilijaza hadi alama ya juu, nikaendesha kwa upole kilomita 500, nikapima tena, haikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Injini inayomaliza lita moja ndani ya kilomita 1,000 itaua na cheni mpya vilevile, kwa sababu siku utakayosahau kuongeza, tenshena itakosa oili. Kwenye injini ya namna hiyo mimi nisingeweka cheni.

Kisha giaboksi. Ya kwangu ni otomatiki. Niliwasha ikiwa baridi nikaweka D, nikahesabu muda hadi ikashika: chini ya sekunde moja, bila kurusha. Fundi akachomoa oili yake kidogo. Ilikuwa nyekundu iliyofifia, haina harufu ya kuungua. Ingekuwa nyeusi na inanuka, ningejua kwamba bili nyingine iko njiani na ni kubwa kama hii au zaidi.

Kisha kutu. Gari lilipandishwa juu nikapita chini yake na bisibisi, nikigongagonga pale shokapu zinaposhikilia, mihimili ya chini, na sakafu chini ya miguu ya dereva. Kutu ya juujuu haina neno. Bisibisi ikizama, acha. Mwili wa gari uliooza hauna spea, na huko ndiko magari mengi ya umri huu hufia hata injini zikiwa nzima.

Tazama maji ya rejeta kama yana mafuta juu yake, na mfuniko wa oili kwa ndani kama una utando mweupe mzito. Tazama taa za mifuko ya hewa. Uliza kama spea za kawaida za gari lako bado zinapatikana kwa urahisi, maana kuna magari ambayo yakitimiza umri fulani unaanza kusubiri kitu kidogo kwa wiki.

Matairi, betri, pedi za breki na bushi nisingeyapa uzito. Hayo ni ya kuisha tu, hata gari lingine utayanunua. Na pesa uliyokwisha kutumia mwaka jana kwenye rejeta na shokapu isikushike mkono. Nilimsikia mama akisema, "Lakini juzi tu umeweka shokapu mpya." Kweli, nazo zinafanya gari liwe zuri leo, hilo lina uzito. Lakini kwamba nilizilipia na roho ikaniuma, hilo halina nafasi kwenye hesabu.

Gari langu lilikuwa na bushi za mbele zilizochoka, na ubaridi wa ndani ulikuwa umekufa. Basi. Giaboksi nzima, chini hakuna kutu ya maana, halili oili.

Hesabu niliyoifanya mezani

Watu hulinganisha bei ya matengenezo na thamani ya gari, wakiona inakaribia nusu wanasema haifai. Ulinganisho huo hauna maana, kwa sababu hauulizi ukiacha kutengeneza utafanya nini.

Niliichukua bei ambayo gari kama langu, likiwa zima, linauzwa, nikaiita 100. Nikauliza kwa watu watatu wanaonunua magari mabovu, wakijua kwamba cheni imelegea, wangelichukua kwa kiasi gani: ilikuja karibu 35. Cheni na kila kitu chake, pamoja na ufundi: 48. Bushi na vikorokoro: 8. Jumla 56.

Nikiliuza lilivyo, napata 35, na ili ninunue jingine la umri uleule natakiwa kuongeza 65. Hilo jingine sijui oili yake ilibadilishwa lini, sijui giaboksi yake, na cheni yake ina umri sawa na ya kwangu. Kwa 56 nabaki na gari ninalolijua kila boliti. Hapo mizani ililala upande mmoja.

Nikafanya na hesabu ya pili. Nilitaka kulitumia miaka mitatu zaidi. 56 ukigawa kwa miezi 36 ni kama 1.6 kwa mwezi. Nikaweka pembeni yake marejesho ya mkopo wa gari jipya zaidi, nikaona yanazidi hapo kwa mbali.

Shangazi yangu alipopatwa na jambo hilohilo, hesabu ilitoka kinyume. Gari lake lilikuwa na soko hata likiwa bovu, wanunuzi walimpa 60, cheni ilikuwa 70 kwa sababu injini yenyewe ilipaswa kuteremshwa, na giaboksi ilikuwa imeanza kuteleza gia ya tatu. Aliliuza wiki ileile, na nilimuunga mkono. Kuna injini ambazo cheni yake iko nyuma, upande wa giaboksi, kwa mfano dizeli ya BMW iitwayo N47, na kwenye hizo sehemu kubwa ya bili ni saa za kufika kwenye cheni. Uliza mapema ya kwako iko upande gani.

Njia za katikati

Kubadilisha tenshena peke yake inavutia, hasa kwenye injini ambazo tenshena inafikiwa kutoka nje kwa boliti mbili tu. Inafaa kama cheni imepimwa na bado iko ndani ya kipimo na tenshena ndiyo iliyokufa. Cheni ikiwa imerefuka, tenshena mpya inanyamazisha mlio kwa muda, na huo mlio ndio uliokuwa ukikuonya.

Injini iliyotumika nilitajiwa kwa 42 pamoja na kufungwa, pungufu kuliko cheni. Nilivutiwa usiku mmoja mzima. Asubuhi nikajiuliza: na cheni yake je? Ukiamua njia hiyo, fungua cheni ya injini hiyo ikiwa bado chini sakafuni, maana mbele iko wazi na kazi ya siku mbili inakuwa ya saa chache. Nilipoongeza seti ya cheni kwenye hiyo 42, ilipita 48, na bado sikuijua kompresheni yake. Uliza pia sheria za namba ya injini kwenye kadi ya gari kabla hujaibadilisha.

Kuuza lilivyo ni njia ya heshima ukimwambia mnunuzi. Mwonyeshe rekodi ya mlio, mpe karatasi ya fundi. Aliyeniuzia gari la kwanza aliliwasha kabla sijafika, nikalikuta la moto na kimya. Nisingeweza kumfanyia mtu hivyo.

Kuongea na fundi kabla ya kusema ndiyo

Omba orodha ya vitu kwa maandishi. Seti kamili ina cheni, tenshena, reli zote, gia za cheni pale zinapolika, sili ya mbele ya krenki, gasketi, na boliti zile ambazo mtengenezaji anasema zikifunguliwa mara moja hazirudi. Ongeza oili na filta. Kama wota pampu inafikiwa njia hiyohiyo, ibadilishe, utalipa pampu tu bila ufundi mara ya pili. Gia ya VVT ni ghali, kwa hiyo mwambie aikague, akiiona imelegea akuonyeshe kabla ya kununua.

Cheni na tenshena usibane pesa. Nilinunua za mtengenezaji mwenyewe, na gasketi nikachukua za kampuni nyingine yenye jina. Mwulize kama ana vifaa vya kufungia kemshafti zisizunguke wakati wa kazi. Kwenye injini nyingi kufunga bila vifaa hivyo ni kukisia, na kukisia kwa jino moja kunatosha kuharibu. Mwulize atazungusha injini mara ngapi kwa mkono kabla ya kupiga stata. Jibu ninalolitaka ni mizunguko miwili kamili ya krenki, akitazama alama zikirudi mahali pake. Kubaliana naye kwamba akikuta kitu kingine atasimama na kupiga simu, kwamba spea za zamani utazichukua, na dhamana ni ya muda gani kwa spea na kwa kazi yake.

Fundi wangu aliniomba siku saba, zikawa tisa. Siku ya nne alinipigia: reli moja ilikuwa imekatika ncha, na kipande hakikuonekana. Kuteremsha sampu hakukuwa kwenye bei, angeweza kufunga na kunyamaza. Akasema, "Sifungi mpaka nikione." Nilikwenda. Aliteremsha sampu mbele yangu, na kwenye chujio la pampu ya oili, kimebana kama mbegu kwenye jino, kulikuwa na kipande cha plastiki cha rangi ya kahawia chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na vingine vidogo vya kusagika vikiwa vimezunguka. Kipande hicho kikubwa kingekaa pale, oili ingekuwa inapita kwa shida, na cheni mpya ingeanza kufa siku ya kwanza. Kama reli zako zimekatika, lipia sampu iteremshwe hata kama haimo kwenye bei. Hapo usibishane.

Alipomaliza alitundika cheni mbili kwenye msumari mmoja ukutani, ya zamani na mpya. Ya zamani ilining'inia chini zaidi kwa milimita 4. Nilizigusa zote mbili. Kwa kuangalia tu moja moja nisingejua ipi ni ipi.

Baada ya kuwasha

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi azungushe injini kwa stata bila mafuta wala moto wa plagi hadi oili ipande. Hata hivyo cheni inaweza kulia sekunde chache tenshena inapojaa. Mlio huo usirudi kesho yake. Taa ifutwe, kisha uendeshe siku mbili tatu ndipo kompyuta isomwe tena, maana namba nyingine huchukua safari kadhaa kurudi.

Baada ya kilomita 1,000 nilimwaga oili ile mpya pamoja na filta, nikaipitisha kwenye kitambaa cheupe. Kulikuwa na vijichembe viwili vya plastiki, chuma hakuna. Mara iliyofuata kitambaa kilitoka safi. Angalia pia chini ya kava ya mbele kama kuna oili inayotona. Gundi ya silikoni ikipakwa kidogo inavuja, ikipakwa nyingi inamwagikia ndani na kuishia kwenye chujio lilelile.

Sasa namwaga oili kila kilomita 5,000, ile ile ya 5W-30, na kila ninapomwaga narekodi mlio wa kuwasha asubuhi yake kwa simu, boneti wazi, simu juu ya kava ya tapeti. Naziweka zote kwenye folda moja zikiwa na tarehe na kilomita, nikiwa na shaka nasikiliza ya kwanza kisha ya karibuni. Ya mwisho niliirekodi kwenye kilomita 241,300, na zaidi ya stata na feni hakuna kinachosikika.